Saa za Msichana

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita kwenye uwanja wa shule yetu hapa Mwanza, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani. Wengi hamkufika. Wengine mko Dar, wengine Kigoma, wengine mlikuwa zamu hospitalini au safarini ziwani. Mmeniomba mpate hotuba yote, nami nimeiandika kama ilivyonitoka mdomoni. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mwangaluka!

Sijasikia vizuri. Mwangaluka!

Haya, sasa nimefika nyumbani. Mgeni rasmi, Mkuu wa shule, walimu wangu ambao bado Mungu amewaweka, shikamooni. Dada zangu na wadogo zangu mliotoka mbali, karibuni tena. Na ninyi mabinti mliokaa kwenye nyasi pale mbele na madaftari mapajani, hamjambo wanangu?

Leo sitazungumzia matokeo ya mitihani. Mkuu wa shule ameyasoma, na waliostahili makofi wamepigiwa. Mimi nimekuja kuzungumzia saa. Sisemi saa ya ukutani, nasema saa za msichana. Mungu amempa 24 kwa siku, sawasawa na kaka yake. Halafu anaamka asubuhi, tunaanza kumchukulia moja moja. Hii ya maji. Hii ya mtoto. Hii ya jikoni. Hii ya kusubiri daladala. Jioni tunamwuliza, mbona hujasoma?

Niliingia lango lile mwezi wa kwanza mwaka 1985, njuka wa kidato cha kwanza kutoka Ukerewe. Waranti ya serikali ilinilipia mimi nauli ya meli ya Nansio, baba akajilipia ya kwake kwa pesa ya samaki. Tuliposhuka bandarini hatukuja shuleni moja kwa moja. Tulipita Makoroboi. Wenyeji mnajua mtaa ule ulivyopata jina lake: ni mafundi bati waliokaa pale wakigeuza makopo kuwa koroboi. Barua ya kujiunga ilitaka tranka, ndoo, jembe, kwanja na fagio. Tranka tukalipata kwa fundi mmoja pale, rangi bado inanuka. Tulipokuwa tunaondoka baba akarudi nyuma, akanunua na koroboi moja. Akanipa mkononi. "Chukua, mama. Usije ukakosa mwanga."

Hii hapa. Nimekuja nayo. Mlioko nyuma mnaiona? Ni kopo la maziwa, mfuniko umetobolewa katikati utambi upite, na kishikio cha bati kimekunjwa ili kisikate kidole. Chini imeliwa na kutu.

Tulipofika hapa matroni alifungua tranka langu, akaiona, akaitoa. Koroboi haiingii bwenini, akasema, itatuchomea magodoro. Kisha akanyoosha kidole juu. "Hapa kuna taa. Inazimwa saa nne." Baba aliitazama ile balbu muda mrefu. Akaichukua koroboi yake, akaitia mfukoni mwa koti, akarudi nayo Ukerewe.

Sasa nisikilizeni. Koroboi hii haikukaa bure. Ilimwangazia mdogo wangu, anayenifuata. Na mdogo wangu yule alikuwa na akili kunizidi. Nasema hivyo mbele yenu kwa sababu ni kweli, walimu wetu wa msingi wote walijua. Hesabu nilizohitaji karatasi yeye alizifanya akichota maji. Lakini nilipoondoka mimi, kazi zangu zilikwenda kwa nani? Zilikwenda kwake. Maji yangu, kuni zangu, mdogo wetu wa mwisho mgongoni. Alikuwa akimaliza saa tatu usiku, akiwasha koroboi hii kama mafuta ya taa yamepatikana, akisoma robo saa, usingizi unamchukua. Hakuchaguliwa. Mimi nilichaguliwa, yeye hakuchaguliwa, na watu wakasema mkubwa ndiye mwenye kichwa.

Mkubwa alikuwa na nini? Mkubwa alikuwa na saa. Kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne usiku, kila siku, miaka minne, hakuna aliyeniita. Hakuna aliyesema njoo umshike mtoto. Nilikuwa nimekaa chini ya balbu na wenzangu, kila mtu na daftari lake, na kazi yangu katika dunia ilikuwa kusoma.

Hicho ndicho shule hii ilichonipa. Walimu walinipa mengi, sitawasahau. Lakini kwanza nilipewa saa.

Waliotutangulia waliliona jambo hili. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 shule za sekondari za wasichana ulikuwa unaweza kuzihesabu bila kuchoka. Mwalimu Nyerere na wenzake walikuwa na nchi maskini, na bado wakakubali gharama ya kumsafirisha mtoto wa kike kwa treni na meli, kumlaza, kumlisha ugali na maharage. Kwenye bweni letu kitanda cha juu yangu alilala Mmakonde wa Newala, cha jirani Muha wa Kasulu. Jiji hili lina Bwiru, lina Nganza, majina yanayotajwa kwa heshima katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa. Kwa nini shule hizi zilikuwa za bweni? Kwa sababu msichana anayelala nyumbani ni mwanafunzi mpaka kengele ya mwisho tu.

Mwaka 1995 mama yangu alisikia redioni kwamba mkutano wa dunia wa wanawake huko Beijing unaongozwa na Katibu Mkuu anayeitwa Getrude Mongella, mtoto wa Ukerewe. Kisiwani kwetu siku ile hakukuwa na habari nyingine. Mama hakujua Beijing iko upande gani wa ziwa. Aliniuliza swali moja tu: "Huyu alisoma akilala wapi?" Nikamwambia alisomea bweni, Morogoro, kwa masista. Mama akanyamaza. Nilijua anamfikiria nani.

Dada zangu, sasa tuje kwenye maji.

Geukeni kidogo. Mnaliona ziwa? Kilomita za mraba 68,800. Ukikaa dirishani bwenini unaliona linang'aa mpaka visiwani. Na mwaka 1986, nikiwa kidato cha pili, pampu iliharibika, tukakaa muhula mzima bila tone kwenye bomba. Ziwa tunaliona, maji hatuna.

Waliokuwepo wanakumbuka. Kengele ilikuwa inagongwa saa kumi alfajiri. Ndoo mkononi, kandambili miguuni, tunashuka kwenye mawe gizani, mmoja nyuma ya mwingine, tukishikana mabega. Nilikuwa na mwenzangu wa ndoo, nitamtaja tena baadaye. Tulikuwa tunaingia majini mpaka magotini, kwenye matete, kwa sababu pembeni kabisa maji yana tope. Ndoo ya kwanza ya jikoni, ya pili ya kwako. Kupanda na ndoo kichwani kwenye mawe ya Mwanza, mnaojua mnajua. Saa kumi na mbili mko juu. Saa moja gwaride. Kipindi cha kwanza hesabu, na nusu ya darasa vichwa viko juu ya dawati.

Hizo ni saa mbili. Zidisha kwa siku za muhula. Mwalimu wa hesabu alitulaumu kwa uvivu, na namwelewa, naye alikuwa kijana. Lakini hatukuwa wavivu.

Na hayo ni ya saa tu. Miaka mingi baadaye, nikiwa muuguzi, ndipo nilipoelewa kwa nini wengi wetu tuliumwa tumbo mwaka ule, na kwa nini mmoja wetu aliona damu chooni akaogopa kusema. Kwenye yale matete wanaishi konokono wadogo. Kutoka kwao vinatoka vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinapenya ngozi ya mguu ulio majini. Ni kichocho cha tumbo, ugonjwa wa pwani yote ya ziwa letu. Ukiachwa miaka unaharibu ini. Dawa yake ipo, prazikwanteli, na watoto wa shule wanameza kwa kampeni. Lakini unameza leo, kesho unarudi kwenye matete na ndoo ile ile. Dawa gani itashinda?

Mabinti wa leo, najua mna bomba. Najua pia siku zipi za wiki linatoka, kwa sababu niliwauliza asubuhi hii na mmeniambia. Nimeona ndoo zimepangwa foleni kwenye kona ya bweni tangu jana usiku, kila ndoo na jina lake kwa rangi ya kucha. Zile ndoo zimenitoa machozi, sitawaficha. Miaka 40, na bado msichana wa shule hii analala akiwaza ndoo.

Kwa hiyo nimefanya hesabu, na naomba muifuate. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Ndivyo ilivyo, haihitaji mtaalamu. Paa la bweni lile refu nimelipima kwa hatua na mlinzi: mita 30 kwa 8. Mita za mraba 240. Mwanza tunapata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, na zaidi, vuli na masika. Lita 240,000! Toa sehemu moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, bado unabaki na lita zaidi ya 190,000 kutoka paa moja. Paa moja, jamani. Maji yale sasa hivi yanaanguka chini, yanachimba msingi, yanateremka mpaka barabarani. Hatuna mfereji wa bati ukutani, hatuna tanki. Ni vitu viwili tu.

Na kwa akina mama wenzangu naongeza neno ambalo zamani tusingelisema mbele ya wageni. Msichana aliye kwenye siku zake, bwenini hakuna maji, hakai darasani. Anaumwa kichwa, anaumwa jino, anaumwa chochote anachoweza kutaja. Sisi tulikata vipande vya khanga. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, tukashangilia. Mwaka 2019 ikarudishwa, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Msichana bado anazihitaji kila mwezi. Nimeshukuru kuona wenzetu wa mwaka 2004 wamekuja na maboksi. Yafikieni mkayaone.

Nije kwenye barabara.

Siku hizi wapo wanafunzi wengi wanaokwenda na kurudi, kwa sababu vitanda havitoshi. Mwaka jana nilitoka kazini jioni, nikasimama Buzuruga kusubiri gari. Ilikuwa saa moja na nusu usiku. Pembeni yangu binti amevaa sare, begi kifuani. Daladala inakuja, konda anapiga kelele: "Denti wawili tu!" Wawili wanaruka ndani, yeye anabaki. Inakuja nyingine: "Denti basi, tumejaza!" Viti vitupu navihesabu kwa macho yangu. Nikamwuliza, mwanangu uko hapa tangu saa ngapi? "Tangu saa kumi na moja, mama."

Tukiwa tunaongea, gari dogo likasimama. Kioo kikashuka. Mwanamume wa umri wa mume wangu akasema kwa sauti laini kabisa, "Mrembo, unaelekea Kisesa?" Alijua anakoelekea. Maana yake haikuwa mara ya kwanza. Nikasema, "Baba, tunaelekea wote, mimi na mwanangu." Kioo kikapanda, gari likaondoka.

Nililipa nauli mbili za watu wazima, konda akatupa viti papo hapo. Njiani nikamwuliza yule binti, ukifika nyumbani unasoma saa ngapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo geni. "Nikifika napika, mama. Kisha naosha vyombo."

Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu inasema anayempa mimba mwanafunzi au kumwoa anafungwa miaka 30. Ni sheria nzuri, naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini inamkuta msichana ameshaumia. Fataki, yule mtu mzima anayewarubuni mabinti wa shule, hakuanza kwa nguvu, alianza kwa lifti, na lifti ile ilikuwa na thamani kwa sababu daladala tatu zilimwacha mtoto gizani. Wamiliki wa magari mpo hapa, wawili nimewasalimia getini, na mmoja mke wake tulisoma wote. Naomba gari moja. Saa kumi na moja jioni, hapa getini, kuelekea Igoma na Kisesa. Jingine kuelekea Nyegezi na Buhongwa. Nauli ya mwanafunzi ikipungua, pengo tulijadili sisi watu wazima, tusilijadili na mtoto kituoni. Na wasichana wa kidato cha nne wa kutwa, mwaka wa mtihani walale hapa, hata kwa kubana vitanda.

La mwisho ni gumu kwangu.

Nilisema nilikuwa na mwenzangu wa ndoo. Amenipa ruhusa nisimulie, jina lake tu ndilo nisilitaje. Mwaka 1987, tukiwa kidato cha tatu, tulipangwa mstari tukapimwa mimba wote, siku ya Jumatano. Mchana tukaambiwa tuingie darasani na tusitazame dirishani. Mimi nilitazama. Nilimwona anavuka uwanja huu huu akiburuta tranka, lile la bati la Makoroboi kama langu, kwa sababu lilikuwa zito na hakuna aliyeruhusiwa kumshika upande wa pili. Alikuwa akilivuta hatua tano, anapumzika. Hatua tano, anapumzika. Mpaka lango. Mlinzi akafungua, akatoka, lango likafungwa.

Aliyempa mimba alikuwa mfanyabiashara mjini. Aliendelea na biashara yake.

Ndoo yake ilibaki bwenini. Niliitumia mpaka nilipomaliza, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri au vibaya.

Tarehe 24 Novemba 2021, serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaweza kurudi, katika shule za mfumo rasmi, na waraka ukatoka. Siku ile nilikuwa wodini. Nilitoka nje nikampigia simu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Wamechelewa na mimi, lakini wamefika." Ada nayo imeondoka: kidato cha kwanza mpaka cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022. Mlango uko wazi, na ada hakuna.

Je, wanarudi? Wazazi, nawauliza ninyi. Wangapi wanarudi? Katika mtaa wangu nawajua mabinti wanne waliojifungua wakiwa shule. Aliyerudi ni mmoja. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza sababu, na hakuna nyumba iliyonitajia sheria. Zilinitajia mtoto. Mtoto anashikwa na nani kuanzia saa moja asubuhi? Yule aliyerudi, shangazi yake aliacha kibanda cha nyanya nusu siku kwa miaka miwili. Nusu siku, miaka miwili. Yule shangazi ndiye aliyeutekeleza waraka.

Kwa hiyo chama chetu kisiishie kuchangia madawati. Tunao wastaafu wangapi hapa wenye nguvu? Wangapi mna nyumba karibu na shule, watoto wamekwisha ondoka, vyumba viwili vimefungwa? Mimi nimestaafu mwezi wa sita. Asubuhi zangu nazitoa. Nani mwingine? Nyanyueni mikono niwaone. Mmoja... wawili... yule pale nyuma, asante dada... saba. Katibu, andika majina sasa hivi, kabla hatujala.

Mwenzangu wa ndoo yuko hapa. Ana biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na dagaa mtakaokula leo ni wake, ameleta gunia zima na kukataa pesa. Tangu Jumatano ile ya 1987 hakuwahi kuvuka lango lile. Asubuhi nilimsubiri nje. Tumeingia wote, nimemshika mkono, na Mkuu wa shule alitoka ofisini kwake akaja kumpokea yeye mwenyewe. Mkuu, asante. Hujui ulichofanya.

Sasa naishia hapo, maana fundi amefika, yuko nyuma ya bweni na futi yake. Mchango wa asubuhi umetosha tanki la lita 10,000 na mfereji wa upande mmoja wa paa. Upande wa pili tutauzungumza tukila. Anataka aonyeshwe mahali pa kujenga kitako cha tanki, na matofali yameshushwa getini kwa sababu lori halikuweza kupanda. Dada zangu, vueni viatu virefu, tukabebe.

Mabinti, ninyi kaeni. Nawaona mnataka kusimama kutusaidia. Kaeni. Leo ni Jumamosi, hakuna tofali hata moja la kwenu. Anayetaka kusoma akasome, na anayetaka kulala akalale mpaka kengele ya chakula.